Rainer Brandt, Mjerumani aliyewalisha maneno masteringi

Hapa Uganda ukimwambia mtu kwamba Wajerumani nao walikuwa na VJ wao atakucheka. Tumezoea kuamini hii kazi ya kushika maiki na kumsemea Rambo ilizaliwa Kampala, halafu tunabishana na Wakenya kuhusu DJ Afro na Watanzania kuhusu Lufufu, nani alianza nani aliiga, kila mtu anavutia kwake. Na kweli, kwa ile namna tunavyoifanya sisi, ni yetu. Lakini kuna mzee mmoja wa Berlin anaitwa Rainer Brandt, aliyekuwa akiwasemea mastaa wa nje kwa Kijerumani, alifariki 2024 akiwa na miaka 88, na tangu nianze kumfuatilia huyu mzee mavijei wetu nawaangalia kwa jicho lingine kabisa, ndio maana naandika. Itakuwa ndefu, chemsha chai.

Kwa mgeni ambaye hajawahi kuingia kibanda cha video huku kwetu: ni chumba cha mbao au mabati, mabenchi, TV mbele, spika kubwa kuliko TV, na muvi inachezwa huku juu yake kuna sauti ya mtu anakueleza kwa Kiganda nini kinaendelea. Huyo ndio VJ. Anaongea kama steringi, anaongea kama adui, anaongea kama mama yake steringi, akichoka anaongea mambo yake mwenyewe, anamsalimia mwenye kibanda, anamtania mbunge, anamwambia steringi "geuka nyuma wewe unakufa" na steringi anageuka kweli kwa sababu VJ ameshaiona hiyo muvi na amepanga maneno yake yaangukie hapo. VJ Jingo, VJ Junior, VJ Emmy, haya ni majina ambayo dereva wa boda anayajua kuliko majina ya mawaziri.

Mimi nimekulia kambini Jinja, baba askari, na kambini lugha ilikuwa Kiswahili maana watu walitoka kila kona, Mwacholi, Mlugbara, Mteso, Mnyankole, sasa kwenye kibanda tulichokuwa tunaenda VJ wa kwenye kaseti anaongea Kiganda na pembeni kuna kaka mmoja mkubwa anamtafsiri huyo VJ kwa Kiswahili, kwa ajili ya sisi ambao Kiganda kilikuwa hakijatukaa. Tafsiri ya tafsiri, tena yule kaka naye alikuwa na chumvi zake. Hivyo Schwarzenegger wa Komando mpaka anifikie mimi na sahani yangu ya kikomando (chapati na maharage) alikuwa ameshakuwa mtu mwingine kabisa, anaongea kama sajini wa Gulu.

Brandt nilimjua kupitia shemeji, Mjerumani aliyemuoa dada yangu. Walikuja Krismasi, tukawa nyumbani tunaangalia zile za zamani za Bud Spencer na Terence Hill, wale Waitaliano wawili, mnene na mwenye macho ya bluu, wanaopiga watu makofi saa nzima na hakuna anayekufa. Shemeji akasema kwao zile muvi zinachekesha kuliko zilivyo kwenye lugha yake ya asili. Nikamuuliza inawezekanaje, akasema kwa sababu kuna mtu alikaa akaziandikia utani ambao haukuwemo. Nikazima sauti nikaanza kumhoji.

Sasa huyu Brandt. Alizaliwa Berlin Januari 1936, maana yake vita vilipoisha alikuwa mtoto wa miaka tisa kwenye mji uliobaki vifusi. Akaja kuwa mwigizaji, na miaka ya 60 akawa anatokea kwenye filamu na TV, lakini kwenye zile nafasi za pembeni. Na tuwe wakweli, hakuna anayeota usiku kuwa mtu wa pembeni. Mtu wa pembeni anafungua mlango, anatoa sentensi mbili za kutisha, dakika ya arobaini anapigwa risasi na hakuna anayemlilia. Lakini mwigizaji wa namna hiyo analazimika kujifunza kitu ambacho steringi hana haja nacho, kukufanya umjue mtu ndani ya sekunde kumi. Steringi ana saa mbili za kujieleza, yeye ana mlango mmoja tu wa kufungua. Na kwenye studio ya kudabi, yaani kubadilisha maongezi ya muvi kwenda lugha nyingine, hicho ndicho kinachotakiwa, pale huna uso, huna mwili, huna nguo wala farasi, una koo tu na kipande cha sekunde chache.

Ndio maana Ujerumani wengi wa watu wa sauti wametoka kwenye tamthilia za jukwaani na kwenye nafasi ndogo za filamu. Baada ya 1945 filamu za nje ziliingia kwa wingi, za Marekani, Uingereza, Ufaransa, na watazamaji wa kule walikuwa wameshazoea kusikia kila kitu kwa lugha yao, mambo ya kusoma maandishi chini ya skrini hawakuyataka na mpaka leo wengi hawayataki. Berlin na Munich zikawa miji mikubwa ya hiyo kazi. Na wana desturi moja ambayo mimi naipenda sana, staa wa Hollywood akishapata sauti yake ya Kijerumani wanajitahidi abaki na ile ile miaka na miaka, yaani mtazamaji anazeeka na sauti hiyo, ukiibadilisha analalamika kama vile umembadilishia ndugu.

Brandt alimsemea Elvis Presley kwenye muvi zake (kuongea tu, kuimba walimwachia mwenyewe), akamsemea Mfaransa Jean-Paul Belmondo, akamsemea Tony Curtis. Hapo angeishia angekuwa sauti nzuri kati ya sauti nzuri nyingi na mimi nisingekuwa na cha kuandika. Kilichomtoa ni kwamba alianza kuandika yale maneno yenyewe.

Hapa inabidi nieleze wanavyofanya, sababu nilidhani mtu anapewa tafsiri anasoma basi. Hapana. Kwanza kuna mtu anatoa tafsiri kavu, neno kwa neno, ya kujua tu nani kasema nini. Halafu inakwenda kwa mwandishi wa maneno ya dabi, huyu ndiye fundi, anakaa na picha anaangalia mdomo. Mdomo ukifunga lazima kuwe na herufi ya kufunga mdomo, m au b au p, mdomo ukibaki wazi huwezi kuweka neno linaloishia na midomo imefungwa, na sentensi ya Kijerumani mara nyingi ni ndefu kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo anakata, anageuza, anatafuta neno lingine lenye maana jirani. Kisha muvi inakatwa vipande vidogo vidogo, wao wanaita "take", kila kimoja cha sekunde chache, mwigizaji anasimama gizani mbele ya maiki anaangalia kipande, anasikiliza ya asili kwenye hedifoni, anarudia, mwongozaji anasema tena, tena, poa, kinachofuata. Mara nyingi mnaoongea pamoja kwenye muvi hamkukutana hata siku hiyo, mmoja alikuja asubuhi mwingine kesho yake. Wanalipwa kwa vipande.

Sasa Brandt akaona kitu ambacho mavijei wetu wanakijua tangu zamani: mdomo usipoonekana, wewe ndio mwenye nyumba. Steringi akigeuza mgongo unaweza kumpa sentensi nzima ambayo hakusema. Akiwa mbali kwenye gari, mpe utani. Kamera ikimwonesha mtu anayesikiliza, yule anayeongea yuko nje ya picha, weka chochote. Na hata mdomo ukionekana, ukipata maneno yenye midomo inayofanana unaweza kubadilisha kitu kikavu kikawa matani.

Mwaka 1971 Waingereza walitoa tamthilia ya TV inaitwa The Persuaders!, Tony Curtis kama Mmarekani wa mtaani aliyetajirika na Roger Moore kama bwana mkubwa wa Kiingereza, wawili hawa wanaendesha magari ya maana na kutatua kesi kwenye fukwe za matajiri. Vipindi 24. Marekani haikushika, ikakatwa baada ya msimu mmoja, na Moore akaenda zake kuwa James Bond. Ujerumani ikaingia 1972 kupitia kituo cha ZDF kwa jina la Die Zwei, Brandt akiandika maneno na kumsemea Curtis, na Lothar Blumhagen akimsemea Moore kwa ile sauti ya mtu aliyelala kwenye shuka za hariri. Ikawa moto. Yaani kitu kilichokufa Marekani kule kikawa gumzo, watoto wa shule wanarudia maneno, na maneno hayo hakuna Mmarekani wala Mwingereza aliyewahi kuyaandika.

Wale wawili kwa Kijerumani hawafungi mdomo. Wanataniana kwenye ngumi, wanataniana wakifukuzwa, wanatunga maneno ya ajabu ajabu, Kijerumani cha mtaani chenye dharau kidogo, wenyewe walikipa hata jina, Schnodderdeutsch. Na kuna kitu kimoja kilinimaliza kabisa, kuna mahali mmoja anamuonya mwenzake apunguze hayo matani la sivyo kipindi kijacho kitafutwa. Yaani mtu ndani ya muvi anajua yuko kwenye muvi! Hii si ndio ile ya VJ wetu akimwambia adui "wewe unakufa kabla ya mapumziko ya jenereta"? Miaka hamsini iliyopita, Berlin, kwenye TV ya taifa, na walilipwa mshahara.

Baada ya hapo Brandt akawa ndiye wa kuitwa. Muvi za Bud Spencer na Terence Hill nyingi zina mkono wake au wa watu waliofuata staili yake, na kuna nyingine ambazo mwanzo zilikuwa muvi za kikauboi za damu kabisa, za watu kuuana kwa kisasi, zikarudishwa studio zikadabiwa upya zikawa vichekesho, picha zile zile. Wazia hilo, unachukua muvi ya mauaji unaitoa ikiwa ya kucheka na hujapiga picha mpya hata moja. Alikuwa na kampuni yake, Brandtfilm, na mke wake Ursula Heyer naye ni wa kazi hiyo hiyo, mwigizaji na mtu wa sauti, wengi wanamjua kama Joan Collins wa Kijerumani kwenye ile tamthilia ya matajiri wa mafuta, Dynasty.

Najua kuna watu wanamchukia. Wanaopenda muvi kama ilivyotoka kwa mwenyewe wanasema Brandt aliharibu kazi za watu, kwamba Curtis aliigiza kitu fulani na yeye akambandika kitu kingine bila kumuuliza. Wana hoja, siwezi kuwakatalia. Hata mimi kuna mavijei siwezi kukaa nao, mtu anaweka utani mpaka kwenye msiba, mama analia mtoto amekufa halafu VJ anatangaza duka la simu Kalerwe. Utani una mahali pake na Brandt kwa sehemu kubwa aliuweka kwenye vitu vilivyokuwa vyepesi toka mwanzo.

Ila mimi nawaambia, kama unataka kukasirika kuhusu dabi ya Ujerumani usikasirikie vichekesho, kakasirikie yale waliyofanya kimya kimya. Hitchcock alitoa muvi 1946, Notorious, ya majasusi na Wanazi waliojificha Amerika ya Kusini, Ujerumani ikatoka 1951 kwa jina lingine na wale Wanazi wamegeuzwa wauza madawa ya kulevya. Casablanca ndio mbaya zaidi, toleo la 1952 lilikatwa kama dakika 25, maafisa wa Kinazi wote wakaondolewa, na yule mpigania uhuru Victor Laszlo akageuzwa mwanasayansi wa atomiki kutoka Norway, mpaka 1975 ndipo wakaidabi upya ikiwa nzima. Hata Die Hard ya 1988, ambapo maadui ni Wajerumani, kwenye dabi Hans akawa Jack na Karl akawa Charlie ili isionekane ni watu wa nyumbani. Brandt alikuongezea na ulijua anakuongezea, mbwembwe zote ziko wazi. Hawa wengine walikupunguzia na ukatoka sinema unadhani umeona muvi nzima.

Pembeni kidogo, kuna mwingine wa zamani kumshinda Brandt nimempenda, Siegfried Schürenberg, alizaliwa 1900 na akafika miaka 93. Huyu alikuwa sauti ya Clark Gable kwa Kijerumani, mwanaume wa wanaume, na miaka hiyo hiyo ya 60 kwenye skrini watu walimjua kama Sir John, mkuu wa Scotland Yard, mzee mwenye kujiona lakini haelewi kitu, kwenye zile muvi za upelelezi zilizotokana na vitabu vya Edgar Wallace. Kumbe mtu mmoja, ukifumba macho ni Gable, ukifumbua ni mzee wa kuchekesha. Na Edgar Wallace huyo huyo ndiye aliyeandika Sanders of the River, hadithi za mkoloni Afrika ya Magharibi, Waingereza wakaifanya filamu 1935 na kati ya Waafrika waliokodiwa kusimama nyuma kule Uingereza alikuwemo Jomo Kenyatta. Haihusiani na sauti lakini singeweza kupita bila kuisema, mtu wa pembeni kaja kuwa Rais.

Turudi. Yule aliyenifanya nielewe ukubwa wa hii kazi ni Thomas Danneberg, wa Berlin pia, alizaliwa 1942 akafariki 2023. Huyu alikuwa Schwarzenegger. Alikuwa pia Stallone. Alikuwa pia Terence Hill, na John Travolta, na John Cleese, na Nick Nolte. Mtoto wa Kijerumani wa miaka ya 80 alikuwa akienda kibanda chake (wao wanaita sinema, wana pesa) Komando na Rambo wote ni koo moja. Na Schwarzenegger mwenyewe ni Mwaustria, Kijerumani ni lugha ya mama yake, lakini kwenye sinema za Kijerumani alisemewa na Danneberg. Jiulize, mtu anasemewa kwa lugha yake mwenyewe.

Halafu 2010 ikaja The Expendables ambamo Stallone na Schwarzenegger wanakutana ana kwa ana kanisani wanarushiana maneno. Danneberg akafanya wote wawili. Anajiuliza anajijibu, na ukisikiliza unajua kabisa nani ni nani, mmoja anaburuta maneno kutoka shavuni, mwingine anayatoa mazito kama anaweka mizigo chini. Walipokuja kuigiza pamoja muvi nzima, Escape Plan 2013, ikabidi Schwarzenegger apewe mtu mwingine, maana maongezi yalikuwa mengi mno. Niliposoma hilo nilicheka nikawaza, VJ Jingo anafanya watu kumi na wawili kwa muvi moja na mke wa adui juu, tena bila kurudia kipande.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Wasomi wetu wanawadharau mavijei, wanasema ni kelele, hawajui kudabi, angalia wazungu wanavyofanya vizuri mpaka mdomo unalingana. Jamani. Studio ya Berlin inapotumiwa muvi inatumiwa pia mkanda wa peke yake wenye muziki na milio tu, risasi, milango, mvua, bila maongezi. Ndio maana wanaweza kuondoa sauti ya Stallone yote na kuweka ya Danneberg na gari bado linanguruma. VJ wa Kampala hajawahi kutumiwa huo mkanda na hakuna wa kumtumia. Ana faili moja, kila kitu kimeshachanganywa, akishusha Stallone anashusha na bomu. Kwa hiyo anafanya kinachowezekana, anapanda juu ya sauti, anaishusha akiongea na kuipandisha akinyamaza, na anajifunza kuvuta pumzi pale pale bomu linapolipuka ili usikose mlipuko. Hiyo ni taimingi ya mwigizaji. Hakuna wa kumwandikia, hakuna mwongozaji wa kumwambia rudia, mwandishi ni yeye, Brandt na Danneberg ndani ya mtu mmoja kwenye chumba chenye joto na godoro ukutani la kuzuia mwangwi.

Na akifanya vizuri sauti yake inakuwa sehemu ya muvi huwezi kuitoa. Ushahidi mnao hapo Wakaliga, mtaa wa Kampala. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., 2010, ile muvi ya helikopta za kompyuta iliyozunguka dunia nzima mtandaoni. Toleo lililobaki ni lile lenye sauti ya VJ Emmie juu yake, lile lisilo na VJ lilipotea, kompyuta ilifutwa kupisha kazi nyingine. Mzungu wa Texas anayeipenda hiyo muvi anaipenda pamoja na Emmie, hajawahi kuiona bila yeye. Na mimi nadhani bila Emmie asingeipenda hata nusu.

Kinachoniuma ni Kiswahili. Baraza la Mawaziri 2022 lilisema Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na kwenye katiba kimeshawekwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini nenda laibrari yoyote ya muvi hapa mjini, yale maduka ya kukujazia muvi kwenye flash, omba ya VJ wa Kiswahili wa Uganda, Kiswahili chetu hiki cha kambini na cha Busia na cha Arua. Atakupa DJ Afro. Namheshimu Afro, ila utani wake ni wa Nairobi, anataja mitaa ambayo mtoto wa Koboko haijui. Watoto wanaogopa Kiswahili, wanasema ni lugha ya askari na ya wezi, na mimi naamini VJ mmoja mzuri angeondoa huo woga haraka kuliko kitabu cha kiada. Yule kaka wetu wa kambini alinifundisha maneno mengi kuliko mwalimu wa darasa, mengine sio ya kuandika hapa.

Kuhusu pesa. Msidhani kule ni peponi. Kuna jamaa anaitwa Marcus Off alikuwa sauti ya Johnny Depp kwenye zile muvi tatu za kwanza za maharamia, Pirates of the Caribbean. Muvi ziliingiza pesa za kutisha, yeye alilipwa kama wanavyolipwa wote, kwa vipande, basi. Akaenda mahakamani kudai zaidi, ikafika mpaka mahakama ya juu ya Ujerumani, na 2012 mahakama ikasema sauti ya steringi mkuu sio kitu kidogo pembeni, ana haki ya kudai nyongeza muvi ikivuna kupita kiasi. Lakini ya nne ilipotoka 2011 Depp alikuwa ameshapewa sauti nyingine. Alishinda kesi, kazi ikaenda.

VJ wetu hawezi hata kufungua kesi kama hiyo, maana muvi yenyewe si yake na hakuomba ruhusa kwa mtu, akienda mahakamani kudai sauti yake ataulizwa kwanza picha aliipata wapi. Kwa hiyo anajilinda kivyake, anataja jina lake kila baada ya dakika chache, anaweka namba ya simu kwenye skrini, anawatukana wanaonakili kazi yake, na waliokuwa wanainakili wanainakili pamoja na matusi yao ndani. Anafanya leo usiku, kesho asubuhi iko Lira kwenye flash, mwenye laibrari anachaji kwa kila muvi anayokujazia, mwenye kibanda anachaji mlangoni, na mwenye koo ameshalipwa mara moja na msambazaji, kama amelipwa.

Nimemwambia shemeji anitafutie vipindi vya Die Zwei vyenye maandishi chini, hata ya Kiingereza, nataka kuviangalia vizuri na VJ mmoja ninayemfahamu ambaye anaweza Kiswahili. Kama kuna msomaji aliyekulia Jinja miaka hiyo na bado ana kaseti zilizorekodiwa vibandani zenye mtu anaongea Kiswahili nyuma ya VJ, hata kama zimeliwa na fangasi, nazihitaji. Nina mtu wa kuzisafisha.